Waliokimbia Umande na Sisi Tuliobaki Ndani Yake

Kiswahili kina namna ya kumsema mtu ambaye hakusoma, namna ambayo sijaichoka mpaka leo: fulani alikimbia umande. Hatusemi alimkimbia mwalimu, wala hesabu, wala kiboko, ingawa wengi walivikimbia vyote hivyo. Tunasema umande. Aliyeutunga msemo huu alijua kwamba njia ya shule ilikuwa ya nyasi, kwamba kengele ililia kabla jua halijazikausha nyasi hizo, na kwamba mtoto alipita hapo bila viatu. Ubaridi ulianza vidoleni, ukapanda kwenye vifundo, ukalowesha pindo la sare, na wapo waliofika katikati wakageuza. Sehemu kubwa ya historia ya elimu vijijini kwetu imo kwenye maneno hayo mawili, na imeandikwa kwa ngozi ya unyayo.

Ila tazama msemo wenyewe umesimama upande gani. Umande hapo ni adha. Aliyeukimbia anachekwa, aliyeuvumilia anasifiwa. Hakuna msemo wa mtoto aliyeupenda. Na mimi nawajua walioupenda, kwa sababu nilikuwa mmoja wao.

Nina ugomvi na uandishi wetu kuhusu jambo hili, na leo nautoa. Chukua hadithi fupi za mashindano, insha za darasa la saba, hata makala zetu sisi waandishi wa habari tunapotumwa kijijini. Mhusika maskini lazima atambulishwe kwa miguu. Miguu peku, magaga, vumbi mpaka magotini. Ni alama tu, kama kitambi na suti vilivyo alama ya fisadi. Mwandishi akishaiweka miguu hiyo ukurasa wa kwanza haitazami tena mpaka ukurasa wa mwisho, mfadhili anapoleta viatu. Katikati hapo miguu inakanyaga nini? Hatuambiwi. Mtoto anatembea kilomita tano kwenda na tano kurudi, na njia nzima haina hata kokoto moja.

Methali nazo hazisaidii. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mtembezi hula miguu yake. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Ukizisoma kwa mfululizo unaona mguu katika hekima yetu ni kiungo cha kupewa adhabu: unavunjika, unaliwa, unajikwaa, unachomwa. Neno peku lenyewe vijana wa mjini wameshalipeleka kitandani, wanamaanisha kufanya mapenzi bila kinga, kiasi kwamba ukisema mbele ya watu wa rika langu kuwa jana ulikwenda peku utachekwa kabla hujamaliza sentensi. Kwa hiyo tunabaki na mambo mawili: peku ni ufukara, au peku ni hatari.

Sasa nikuambie kuhusu Same.

Anayepita na basi kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha huiona Same kama stendi, upepo, vumbi, na milima iliyosimama nyuma ya mabati. Chini ni nchi kavu: migunga, mkonge, na ng'ambo kule Mkomazi na wanyama wake. Juu, kwa maana ya Mbaga, Chome, Mamba, Vudee, ni nchi nyingine kabisa. Migomba, ukungu, mifereji, tangawizi, na msitu wa Chome unaopanda mpaka kilele cha Shengena, mita 2,462. Mwenye gari anaona milima imebadilika rangi. Anayeteremka peku anabadilishiwa udongo chini ya mguu zaidi ya mara kumi, na kila udongo una tabia yake.

Juu asubuhi kuna udongo mwekundu wa mfinyanzi uliolala na umande. Ni wa baridi na unanata. Unakishika kisigino kidogo kabla ya kukiachia, kama mwenyeji anayekuaga huku bado ameushika mkono wako. Mvua ikinyesha unakuwa sabuni, na hapo ndipo vidole vya miguu vinafanya kazi ambayo kiatu kiliwanyang'anya, kazi ya kung'ata ardhi. Watoto wa mlimani huteremka vidole vimetanuka, magoti yamelegea, mikono nje kidogo, na hawaanguki. Mgeni mwenye buti anaanguka.

Halafu kuna kingo za mifereji. Ardhi ya kingo imekanyagwa na watu wengi kwa miaka mingi mpaka imekuwa laini kama kiganja, na maji yanapita pembeni yakikuongelesha. Mtoto akitumwa dukani atachagua kingo hata kama njia ya mkato ipo. Na ndiva, yale mabwawa ya jadi ya kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba. Siku ya msaragambo, watu wanapotoka kwa pamoja kuzibua na kuondoa tope, kazi ni ya watu wazima lakini tope ni la watoto. Tope la ndiva halina jiwe. Linapenya katikati ya vidole kama uji uliopoa, na ukiuchomoa mguu linatoa sauti ambayo mtoto yeyote atairudia mpaka afukuzwe. Nimesoma maelezo mengi ya ndiva kwenye ripoti za umwagiliaji, yenye hesabu za maji na zamu za wakulima, nayo ni mazuri. Tope silioni humo.

Ukiteremka zaidi unakutana na changarawe, ambazo hazina la kupendeza, tuzipite. Chini kabisa ni vumbi. Vumbi la Same saa tatu asubuhi ni tifutifu, lina joto la kitanda ambacho mtu ametoka sasa hivi, na mguu unazama mpaka nyuma ya kidole gumba. Saa nane mchana vumbi hilohilo linaunguza, lami ndiyo usiseme, na hapo hutembei tena, unaruka kutoka kivuli hadi kivuli. Kuna na mbigili. Mbigili ina adabu yake ya kijamii: unasimama kwa mguu mmoja, unashika bega la aliye karibu, unageuza unyayo na kuchomoa. Hakuna anayeomba ruhusa ya kushika bega. Sidhani kama kuna mtoto wa Same ambaye hajawahi kuwa bega la mtu.

Hayo nimeyaeleza kwa urefu kwa makusudi. Mwandishi anayetaka kuniambia mhusika wake hana viatu, aniambie kwanza anakanyaga nini. Maneno tunayo: mfinyanzi, kichanga, tifutifu, changarawe, chepechepe, teketeke, utelezi. Lugha haijatunyima kitu.

Tukija kwenye kukimbia, kuna utanzu mmoja wa fasihi simulizi ambao wahakiki wetu wameupa nafasi ndogo mno, nao ni mchakamchaka. Aliyesoma shule ya msingi Tanzania hahitaji kuelezwa. Alfajiri, mistari miwili, kiongozi pembeni, shule nzima inakimbia mwendo wa polepole na kuimba kwa kupokezana. Maneno ya nyimbo hizo yanajulikana, mengine ya siasa, mengine ya kejeli, mengine hayana maana yoyote na ndiyo matamu zaidi. Lakini jaribu kuimba wimbo wa mchakamchaka ukiwa umekaa kwenye kiti. Unakufa mdomoni. Mizani yake haimo kwenye silabi, imo kwenye nyayo. Mguu wa kushoto unabeba neno la kiongozi, wa kulia unafungua mlango wa kiitikio, na pale ambapo mwimbaji anavuta pumzi kuna sauti ya nyayo mia tatu zikipiga ardhi kwa pamoja. Hiyo ndiyo ngoma. Anayeuchapa wimbo huo kwenye kitabu bila nyayo amechapa nusu ya kazi.

Na nyayo zenyewe zilikuwa peku. Naisikia tofauti hata sasa. Raba zinapiga kelele ovyo, kila moja kwa wakati wake, na viatu vyeusi vya shule vinagonga. Nyayo tupu juu ya vumbi lenye umande zinatoa mlio mmoja, wa chini, unaousikia kwa mifupa kabla ya masikio. Tulikuwa wadogo, tuna njaa, wengine tulikuwa tumetoka kufokewa nyumbani, lakini ukiwa katikati ya mstari ule ulihisi ardhi inakurudishia hatua yako. Mimi nilikuja kusoma habari za urari na mizani chuo kikuu. Nilipokuwa namsikiliza mhadhiri nilijua tayari kitu anachokisema, nilikijua kwa visigino.

Niliposema haya kwa bibi yangu, kwamba naandika kuhusu raha ya kutembea peku, alinyamaza kwanza. Bibi akinyamaza ujue unatafutiwa jibu. Kisha akaunyoosha mguu wake wa kushoto kwenye mkeka, akanionyesha kidole kidogo ambacho hakina kucha. Funza, zamani. Akaniambia:

"Wewe unavua viatu, mjukuu wangu. Sisi tungevua nini?"

Hoja hiyo ni nzito, na mhakiki anayeiruka hastahili kusomwa. Safura ilipata njia ya kuingia mwilini kupitia ngozi ya nyayo hizihizi ninazozisifia. Mwiba wa mgunga ni mwiba kweli. Mtu aliyetembea peku mpaka akawa mama wa watoto wanne anajua kiatu kina maana gani, na ndiyo maana kizazi chake kilibeba viatu mkononi njia nzima kwenda kanisani, kikanawa miguu mferejini, kikavivaa hatua chache kabla ya mlango. (Watani wetu husema ni ubahili wa Kipare, eti tunaogopa soli itaisha. Waache waseme.) Viatu vile vilikuwa heshima, na heshima haichezewi na mtu aliyeonja maisha ya Dar es Salaam.

Nilimjibu, lakini si kwa ujasiri niliotaka. Nikamkumbusha kwamba mimi pia sikuwa na cha kuvua. Sare yangu ya kwanza haikuja na viatu. Raha ninayoizungumzia sikuichagua dukani, ilinikuta njiani nikiwa sina namna. Na yeye je, utotoni, hakuwahi kusimama kwenye tope la ndiva bila sababu? Alicheka, akavuta kanga kufunika mguu. Akasema, "Hayo hayaandikwi." Kwa nini hayaandikwi, bibi? Hakunijibu, akaniuliza kama nimekula.

Hapo ndipo ninapotofautiana na waandishi wenye huruma. Wanadhani wakimwonyesha maskini akiwa na furaha watakuwa wamemsaliti, wamewapa wenye mali kisingizio cha kumwacha alivyo. Kwa hiyo wanamnyang'anya na ile asubuhi yake. Mtoto asiye na viatu anapungukiwa viatu, kweli. Akija mwandishi akamwondolea na baridi tamu ya udongo, amempunguzia kitu cha pili, na hicho hakukuwa na mfadhili wa kukirudisha. Dhuluma ya kukosa viatu na utamu wa umande vinakaa kwenye mguu mmoja, saa moja. Kuviandika vyote viwili kwa pamoja ni kazi ngumu, ndiyo, lakini kama ingekuwa rahisi tungewaachia watu wa matangazo.

Huko nje kuna kosa la upande wa pili. Mwaka 2009 Christopher McDougall, Mmarekani, alitoa *Born to Run*, kitabu kuhusu Watarahumara wa Meksiko na mbio zao ndefu za korongoni. Kilisomwa sana, na baada yake kukimbia peku kukawa mtindo kwa watu wenye uwezo wa kununua viatu kumi. Kinasomeka vizuri, sibishi, nilikimaliza kwa siku mbili. Ajabu yake ya kwanza ni kwamba Watarahumara wenyewe huvaa ndala, na soli za nyingi kati ya hizo ni mpira wa gari. Yaani katambuga! Zipo kwenye gulio la Same, unapimiwa mguu hapohapo. Ya pili ni kwamba ndani ya kitabu hicho mguu ni mashine. Unapiga ardhi kwa mbele au kwa kisigino, unaumia au hauumii, unakimbia maili ngapi. Mwaka 2010 Daniel Lieberman na wenzake wakachapisha kwenye jarida la *Nature* utafiti uliohusisha wakimbiaji wa Kenya waliozoea kukimbia peku, ukionyesha kwamba wengi wa waliozoea hivyo hutua kwa sehemu ya mbele ya mguu. Mwaka 2013 watafiti wengine wakawapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, nao wamekulia peku, wakakuta wengi wao hutua kwa kisigino wanapokimbia mwendo wa kawaida. Mwaka 2014 kampuni ya Vibram, iliyouza viatu vyenye vidole, ikakubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja kuhusu madai ya kiafya iliyokuwa imeyatoa. Muda wote huo wa mabishano nilisubiri mtu mmoja aseme ardhi ilikuwa na joto au baridi.

Na Abebe Bikila tumemfanyia hivyohivyo. Roma, Septemba 1960, mlinzi wa Mfalme Haile Selassie anashinda marathoni peku, usiku, kwa saa 2:15:16, na dunia nzima ikapata picha yake ya Mwafrika. Miaka minne baadaye, Tokyo, alishinda tena kwa 2:12:11, wiki chache tu baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Alikuwa amevaa viatu. Alikimbia vizuri zaidi kuliko Roma, lakini uliza mtaani Bikila ni nani: watakuambia yule wa bila viatu. Picha ya Tokyo haiwafai wale wanaotaka peku iwe asili yetu. Bikila hakuwa na deni la kubaki peku kwa ajili yao.

Kwa hiyo wenzetu wa mbali wanaufanya mguu tupu uwe dawa, sisi tunaufanya uwe jeraha. Nani ameuandika kama mguu?

Nitamtaja mmoja, Aniceti Kitereza wa Ukerewe. *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali* aliiandika kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945, na ilimbidi aitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili kabla haijatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Alifariki mwaka uliofuata. Wasomaji wengi hulalamika kwamba riwaya ile ni ndefu na haina haraka. Naam, kwa sababu imeandikwa na mtu anayejua kwenda kwa miguu. Myombekere anakwenda ukweni kumfuata mkewe aliyechukuliwa na wazazi wake, anarudi, anahangaika kutafuta pombe ya ndizi ya kulipia faini, anakwenda tena. Ukisoma kwa kasi ya basi utachoka. Ukisoma kwa kasi ya mtu anayesalimia kila mlango, sentensi zake zinakaa sawa. Halafu kumbuka ni Ukerewe ya kabla ya wakoloni. Funza alifika Angola na meli iliyotoka Brazil mwaka 1872, na kabla karne ile haijaisha alikuwa ameshafika Afrika Mashariki. Kidole cha bibi yangu kina tarehe, kumbe. Watu wa Kitereza wana miiba, wana nyoka, wana maradhi yao tele, lakini kutembea kwao peku si habari. Hakuna anayewaangalia miguu na kusikitika.

Mwaka huohuo aliokuwa akimaliza muswada wake, 1945, maelfu ya Wapare waliteremka milimani mpaka Same, makao makuu ya wilaya, kupinga kodi ya mbiru. Wakapiga kambi pale mjini. Baadaye wanawake wa Usangi nao wakaandamana. Isaria Kimambo aliyaandika haya katika kitabu chake kuhusu mbiru cha mwaka 1971, na ametupa machifu, serikali na madai ya wakulima kwa utulivu wa mwanahistoria. Kazi ya kuteremka nao si yake. Ni ya mtu wa riwaya, na riwaya hiyo naisubiri. Sihitaji hotuba ndani yake, hotuba tunazo za kutosha. Nataka asubuhi ile ya kuondoka Mbaga, udongo bado mwekundu na baridi, watu wanateremka kwa mstari kwenye kingo ya mfereji maana njia ni nyembamba. Nataka changarawe za katikati, ambazo mimi nimezipita haraka hapo juu, yeye asizipite. Nataka wafike tambarare jua likiwa limepanda, vumbi linaanza kuchoma, mzee mmoja anasimama kwa mguu mmoja na kushika bega la mtu wa ukoo mwingine ambaye hawajasalimiana tangu kesi ya shamba, anachomoa mbigili, anaitupa pembeni mbali na njia, na msafara unaendelea kwenda bomani.